Paka wa Jirani Kwenye Pamba ya Wingu

"Paka wenu ana njaa, na hiyo njaa anakuja kuilaza kwenye pamba yangu! Juzi kalala, jana kalala, leo kakojoa kabisa. Nusa! Hebu nusa mwenyewe, jirani!"

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani asubuhi na mapema, furushi la pamba kalipakata kama mtoto mchanga. Jirani mwenyewe, mwalimu wa kufundisha watu kuendesha gari, alitoka na taulo kiunoni na mswaki mdomoni. Aliposogezewa lile furushi puani alirudi nyuma kama gari lililokosa breki mlimani.

"Mzee, paka ni paka," akasema, povu linamdondoka kidevuni. "Sasa mimi nimfanye nini? Nimsomee sheria za barabarani?"

"Mlishe."

Hapo mkewe akajitokeza nyuma yake. Huyu ni yule dada anayepaka watu rangi za kucha saluni, sisi tunamwita Mama Kucha, na kucha zake mwenyewe siku hiyo zilikuwa nyekundu za kutisha.

"Paka wa kulishwa ni paka gani huyo?" akasema. "Ukimpa chakula hashiki panya. Sisi tulimleta afanye kazi, hatukumleta awe mgeni. Ajitafutie!"

"Anajitafutia," akajibu shemeji. "Kajitafutia kitanda, kakipata kwangu."

Mimi nilikuwa nafagia ua wetu. Nilicheka hadi ufagio ukaniponyoka. Sikucheka kwa sababu ya utani tu. Tangu niolewe kwenye ile familia sikuwahi kumsikia mwanamume yule akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja.

Ni kaka mkubwa wa mume wangu. Anakaa chumba cha mwisho katika nyumba yetu ya kupanga, na kazi yake ni kushona magodoro ya pamba kwenye kibaraza kinachotazama barabara. Mtaa mzima unamwita Wingu, kwa sababu ikifika saa sita mchana huwa mweupe kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu, na akikatisha uani kuna kipande chake kinabaki kinaning'inia hewani. Wiki yangu ya kwanza ya ndoa nilijua ni mzee mwenye mvi. Siku alipotoka kuoga nikaona mtu mweusi tii anaingia chumbani kwake, nikamwuliza mume wangu, "Kumbe una kaka wawili?"

Kazi alifundishwa na mjomba wao, aliyekuwa akimpiga kwa fimbo ileile ya kupigia pamba, hivyo anajua vizuri pamba inasikiaje. Watu wakimletea godoro lililolala bapa kama chapati, anafumua kitambaa, anaitoa pamba yote, anaipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka mabonge yafunguke na ipumue, kisha anairudisha. Kwenye kitambaa kile cha zamani anaona kila kitu. Anaona nani analala ukutani, nani analala ukingoni, nani anamkimbia mwenzake. Siri za ndoa za mtaa mzima anazo mikononi na hasemi neno. Kipaji hicho kilipotea njia. Ningepewa mimi, nusu ya mtaa ingekuwa imehama.

Mke alikuwa naye, akafariki kabla mimi sijafika. Nikimwambia, "Shemeji, nikutafutie mtu?" anajibu, "Subiri kwanza nimalize godoro hili." Magodoro hayaishi.

Nimekosea. Magodoro yalikuwa yanakwisha. Yalipoingia yale ya sponji, yanakuja yamefungwa nailoni na mtu mmoja anabeba mawili kichwani, wateja walianza kupita mbele ya kibaraza wakitazama upande wa pili kama watu wenye deni. Mwaka ule alikuwa amebakiwa na wazee wachache na mito. Ndipo akaja Mama Wageni.

Mama Wageni ana nyumba ya kulala wageni pale karibu na stendi. Ni mama wa mwili, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ghorofani. Alisema sponji zake zimebonyea katikati mpaka wageni wanalala kama wamo kwenye mtumbwi. "Fundi, nishonee moja la mfano," akasema. "Nitalilalia mwenyewe. Nikiridhika, vyumba vyote ni vyako. Nisiporidhika nanunua sponji nyingine, na tukikutana njiani tusalimiane tu."

Basi hiyo ndiyo pamba aliyoikojolea paka. Shemeji alikwisha kumwambia mume wangu kwamba godoro la Mama Wageni likikataliwa, fimbo zake anazifanya kuni na yeye anakwenda kulinda geti la watu. Mtu anayeomba radhi hata kwa kuku, akalinde geti!

Sasa huyo paka. Alikuwa jike la kijivu, sikio moja limechanika, mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Jirani alimleta kwa sababu ya panya, na baada ya hapo hakumletea kitu kingine chochote. Asubuhi mwalimu anakwenda kwenye magari yake, mkewe anakwenda saluni, mlango unafungwa, paka yuko nje. Maji hakuna, chakula hakuna. Alikuwa akizunguka jiko kwa jiko akiita kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, na mahali pa kulala alipoona panafaa ni penye pamba. Hata ningekuwa mimi.

Baada ya ule ugomvi wa mswaki, Wingu aliitenga pamba iliyoharibika, akaitupa, akaifunika iliyobaki kwa turubai na mawe juu. Jioni yake nikamkuta ameinama kule kwenye kona ya bomba, anaweka kichwa cha samaki kwenye mfuniko wa ndoo.

"Shemeji! Si ulisema alishwe na wenyewe?"

"Simlishi," akasema bila kugeuka. "Namhamisha. Akila huku, atalala huku."

"Na hayo maziwa?"

"Ya kusindikizia."

Baada ya siku chache Mama Kucha akagundua. Alikuja mikono kiunoni, kucha siku hiyo za bluu.

"Nimewaona! Mnatuharibia paka! Jana panya kapita mbele yake, kamtazama tu kama anatazama basi la njia nyingine. Kwa nini? Kwa sababu ameshiba kwa watu!"

"Dada yangu," nikamwambia, "huyo paka akishiba hata siku moja nitafanya sherehe. Mtazame tumbo."

Nilisema hivyo kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kujaa, na halikuwa la samaki wa Wingu, lilikuwa la mimba. Mama Kucha alitazama, akasonya, akaondoka. Shemeji alichukua ule mfuniko wa ndoo pamoja na chakula chake, akaenda kuuweka taratibu kwenye kizingiti cha jirani, ili paka ajue kwao ni wapi. Kesho yake tuliukuta umerudishwa kwenye bomba, umepinduliwa juu chini. Akauosha, akauweka tena kizingitini. Ukarudishwa tena. Wakaendelea hivyo, hawasemezani, mfuniko unakwenda na kurudi.

Paka akazaa chini ya kitanda cha jirani, vitoto viwili. Mama Kucha aliwavumilia mpaka walipoanza kutambaa na kuchungulia, kisha akawatoa kwa ufagio na kuwatia kwenye boksi la sabuni, akaliweka nje karibu na bomba. Boksi la karatasi, jamani, pale pale maji yanapomwagika. Chini yake likaanza kulowa, na mama yao akawa anapita ukutani akipeleleza mahali pengine.

Wakati huohuo godoro la mfano lilikuwa limefika mwisho. Niwaelezeni Wingu anavyofanya, maana ndipo mambo yalipoharibika. Akishajaza pamba haligusi tena siku hiyo. Upande wa kichwani anauacha wazi, anauita mdomo wa godoro, na godoro linalala hivyo mpaka asubuhi ili pamba itulie na kujipanga. Asubuhi anatia mkono mzima mpaka begani, anapapasa kila pembe, anaongeza penye shimo, anasawazisha penye bonge, ndipo anashona ule mdomo kwa shazia, yaani ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Huo mkono mpaka begani ndio uliompa sifa ya ufundi. Sijawahi kumwona akiuacha.

Asubuhi ya kupeleka godoro alilitoa chumbani akaliweka juu ya benchi kibarazani, kwenye mwanga. Akaja kwangu kuchukua chai. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kwenda mjini. Hata kikombe hakukimaliza. Aliporudi kibarazani nilimsikia akipiga kelele: "Toka! Toka wewe!"

Paka alikuwa anashuka kwenye benchi.

Nilikwenda nikamkuta shemeji amepiga magoti, ananusa godoro pembe zote kama mtu wa forodha. "Hajakojoa," akasema, jasho linamtoka. "Shemeji, hajakojoa. Lakini atarudi. Nishikie hapa."

Nikashika mdomo wa godoro, yeye akashona. Alishona haraka, vidole vinaruka, na mkono mpaka begani hakuutia. Aliogopa paka kuliko bonge.

Alipokata uzi tu, paka huyo akatokea pembeni na mtoto mdomoni. Akapanda benchi, akafika pale palipokuwa na mdomo, akasimama. Akamweka mtoto chini. Akapapasa mshono kwa mkono wake, halafu akalia kilio kile cha kutia watu uvivu wa kuishi.

"Leo kitanda hupati, mama," Wingu akamwambia kwa upole, akamshusha yeye na mwanawe, akawaweka chini ya benchi. "Hiki kimeshapata mwenyewe."

Tukalipakia godoro kwenye mkokoteni. Mimi huwa nafuatana naye kwenye mambo ya wateja, kwa sababu yeye ni mikono na mimi ni mdomo. Akiachwa peke yake anaweza kumshukuru mteja kwa kumkopa. Tukatoka. Na paka nyuma yetu. Tukavuka soko, paka yuko nyuma, analia. Tukapita kwa wauza mitumba, paka huyo. Mwenye mkokoteni aligeuka akamwambia Wingu, "Mzee, umemfanyia nini huyu bibi? Mrudie tu yaishe."

Mama Wageni alitupokea mwenyewe. Godoro likawekwa kitandani katika chumba cha mbele, chenye dirisha la pazia la maua na meza ya chuma. Akavua viatu, akavua kitambaa cha kichwa, akajilaza chali, mikono kifuani. Kitanda kikapiga kelele, godoro halikusema kitu. Lilimbeba sawasawa, kila upande, kama mkono uliofunguliwa.

"Mmh," akasema. Akageuka ubavu. "Mmmh." Akafumba macho. Wingu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, hapumui. "Fundi, mgongo wangu unasema ndiyo. Unajua ni lini mgongo wangu uliniambia..." Akafumbua jicho moja. "Nani anaita?"

"Wapi, mama?" nikauliza.

"Humu. Chini ya sikio langu. Godoro linaniita."

Tukasikiliza. Kweli. Sauti nyembamba kama mlango wa kabati unaohitaji mafuta. Na huku nje, kwenye korido, ikajibiwa: paka alipenya katikati ya miguu ya mfagiaji, akaruka kitandani, akapita juu ya tumbo la Mama Wageni bila hata hodi, akaanza kuukwangua mshono.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa amekwisha kuelewa kabla yangu. Weupe ule usoni siku hiyo haukuwa wa pamba. Nikamkaribia, nikamnong'oneza kwa kiganja mdomoni: "Sema ni pamba mpya, ina sauti ikikandamizwa. Tumfukuze paka, tupokee kazi, tutajua baadaye."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze mguu wa mama yake. Kisha akasogea kitandani.

"Mama, naomba ushuke. Nimeshona mtoto wa mtu humu ndani."

"Mtoto wa nani?!" Sijawahi kuona mwili mkubwa ukishuka kitandani haraka vile.

Wingu alishatoa wembe. Mshono ule, uliokwenda mstari mmoja kama umepigwa rula, aliupasua wote kwa pigo moja mbele ya macho ya mteja. Akatia mkono. Ukaingia mpaka kiwiko, mpaka begani, shavu lake limelala juu ya kitambaa na macho kayafumba. Anapapasa. Mama Wageni kashika kitambaa chake cha kichwa. Mimi nilikuwa naomba, na sikuwa naombea kazi tena.

Mkono ukatoka na bonge la pamba lenye ukubwa wa ngumi. Bonge likapiga chafya.

Paka alimdaka mwanawe shingoni, akaingia naye chini ya kitanda, na tukaanza kusikia akimlamba kwa nguvu, ulimi kama msasa. Halafu Mama Wageni akapata sauti yake, na wageni wote walioko vyumbani waliipata pia.

"Fundi! Nilikuagiza godoro, umeniletea zizi?"

"Kosa ni langu, mama," akasema Wingu. "Sikutia mkono. Huwa natia mkono. Leo sikutia." Akaanza kukusanya pamba iliyomwagika, kidogokidogo, kama mtu anayezoa kilichovunjika.

Mama Wageni akainama atazame ule mdomo uliopasuka. Akatia mkono wake mwenyewe, na bangili zote. Akachokonoa huku, akachokonoa kule, akavuta pamba, akaichana kwa vidole, akaitazama kwenye mwanga.

"Matambara yako wapi?"

"Matambara gani?"

"Fundi, usinifanye mtoto. Wenzako huweka pamba juu, katikati matambara. Mimi nimewahi kupasua godoro nikakuta suruali nzima, na mkanda wake."

Wingu akanyooka. Kumwambia vile ni kumtukana mjomba wake kaburini. "Mimi nashona pamba, mama. Pamba tupu."

"Na paka kidogo," nikasema.

Ilinitoka tu. Mama Wageni alinitazama, akatazama chini ya kitanda, mdomo ukamcheza, halafu akacheka mpaka akakaa juu ya godoro lile lile lililopasuka. Alipomaliza kufuta machozi akauliza paka ni wa nani, nikamweleza habari za jirani, ndipo akaweka sharti. "Hili silitaki hivi. Nenda kalifumue lote, kitambaa kifue, pamba ipige upya, nywele za paka zitoke. Ukilileta bila roho ya mtu ndani, vyumba vyote ni vyako, kama nilivyosema. Lakini paka huyo simtaki karibu na pamba yangu tena. Kwanza malizana na jirani yako. Usipomalizana naye, usije."

Tulirudi mtoto akiwa ndani ya shati la mjini la Wingu, kichwa kimetokeza kati ya vifungo, mama yake akitembea pembeni bila kulia. Nyumbani Wingu akachukua na yule mwingine chini ya benchi, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha jirani na familia yote hiyo mapajani. Akakaa pale mchana kutwa. Chai nilimpelekea hapohapo.

Jioni mwalimu wa gari akafika na funguo zake mkononi. Akamwona, akapunguza mwendo.

"Mzee, tena?"

"Sikuja kugomba, jirani. Kaa."

Akakaa. Na Wingu, mtu wa maneno matatu, akamsimulia yote, tangu boksi la kwenye maji mpaka wembe. Hakupaza sauti. Katikati ya habari Mama Kucha naye akarudi kazini, akasimama na mkoba begani kusikiliza, na aliposikia "nikamshona" akaweka mkono mdomoni.

"Akiwa hai?"

"Huyu hapa."

"Mimi nilipowatoa..." akasema. "Ni kwamba walikuwa kama viazi tu. Sikujua wana macho."

Mtoto yule alikuwa na macho na alikuwa akiyatumia. Aliziona zile kucha, siku hiyo za dhahabu, zinameremeta, akanyoosha mkono akazikamata. Mama Kucha akapiga ukelele mdogo lakini hakuuvuta mkono. Akachezesha kidole. Mtoto akakifuata, akaanguka, akainuka, akakifuata tena.

"Anapenda hii rangi," akasema taratibu. Mumewe na Wingu walitazama pengine, kama wanaume wanavyofanya.

"Haya," mwalimu akasema, "hasara nitalipa. Sema tu ni kiasi gani."

"Sitaki hela yako," akasema Wingu. "Nataka mambo mawili. Paka ale hapa kwenu, kwenye kizingiti hiki, asubuhi kabla hamjafunga mlango na jioni mkirudi, maji yakae. Na pamba ile yote inapigwa upya. Utaipiga wewe."

"Mimi? Mimi ni mwalimu!"

"Basi leo mwanafunzi."

Mwalimu akafikiri. Nilimwona anaingia kwenye kona, nikajua anatafuta pa kutokea. "Sawa. Lakini na mimi nikuulize, mzee. Tangu huyu paka ahamie kwenye pamba yako, umeona panya? Sema ukweli. Kwangu wamekula soksi, wamekula sabuni, wamekula kitabu cha alama za barabarani mpaka ukurasa wa mzunguko. Mlinzi ni wangu na lindo lilikuwa lako. Hilo nani analipa?"

Nilifungua mdomo nimpe jibu lake, ila Wingu alishaduwaa. Kila mwaka panya walikuwa wakizaa kwenye magunia yake ya pamba. Kila mwaka alitupa nusu gunia. Mwaka ule hata kinyesi kimoja hakukiona, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Mtu mwingine angepinga. Yeye akakuna kichwa, pamba ikamdondoka.

"Hapo," akasema, "umenishika. Niache nifikirie."

"Shemeji!" nikamkaripia.

"Nafikiria tu, shemeji."

Usiku haukuwa umeingia vizuri tukaona Mama Kucha ametoka na sahani. Si mfuniko wa ndoo. Sahani, ya maua. Akaiweka kizingitini, akarudi nyuma, akasimama mlangoni mikono kifuani kumtazama paka akila, uso wake kama mtu aliyelazimishwa, na hakuingia ndani mpaka sahani ilipokuwa tupu. Kesho yake vitoto vililetewa kreti la soda lenye kigodoro chake. Nani alikishona sitamtaja, ila mshono wake ulikwenda mstari mmoja.

Siku ya mapumziko mwalimu wa gari akaja kibarazani amevaa viatu vya kazini na shati la mikono mirefu, kama anakwenda kupigana na nyuki. Wingu akamkalisha mbele ya rundo la pamba, akampa fimbo mbili. Nilileta kigoda changu na bakuli la maharage ya kuchambua, maana kitu kama kile hukioni mara mbili.

Alianza kupiga kama anaua nyoka.

"Polepole," akasema Wingu. "Hiyo si honi. Piga, vuta. Piga, vuta. Uiinue, usiizike."

"Nimeelewa, nimeelewa."

"Hujaelewa. Umeweka gia ya ngapi hapo?"

Nilicheka, maharage yakamwagika. Mwalimu akakaza meno. Kidogokidogo mkono ukamkaa. Piga, vuta, piga, vuta. Mabonge yakaanza kufunguka, pamba ikapanda. Ikamkaa kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye zile ndevu zake anazozichonga. Watu wakipita barabarani wanasimama. "Leo mawingu ni mawili!" mmoja akasema. "Mvua hiyo!" Mama Kucha akaja kumletea maji, akamtazama mumewe, akasema, "Mungu wangu, nimeolewa na babu," akarudi ndani akicheka peke yake, na kupitia mlango wao uliokuwa wazi tulimwona paka amejinyoosha sakafuni kwao, watoto wananyonya, hana habari na pamba.

Rundo lilikuwa limefika nusu Wingu alipomshika mkono.

"Weka fimbo chini."

"Bado nusu, mzee. Nilisema nitapiga yote."

"Hiyo iliyobaki nitapiga mimi. Ni ya panya."

Mwalimu alimtazama, pumzi juujuu. Akapangusa uso, akazidi kujipaka pamba. "Kwa hiyo sidaiwi?"

"Hudaiwi."

"Na mimi sikudai."

"Hunidai. Kaoge."

Lakini hakuinuka. Alikuwa anatazama ile pamba aliyoipiga mwenyewe, imesimama nyeupe mbele yake, ametulia kabisa. Akanyoosha mkono kwenye fimbo. "Niongeze kidogo tu? Nilikuwa ndiyo kwanza naipatia."

"Kaoge, jirani," akasema Wingu, akazivutia fimbo kwake. "Ukizidisha fimbo unanivunjia pamba."